Kalenga Kuna Nafasi: Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Ukaazi

Ulifika Kalenga mara ya kwanza ukielekea Hifadhi ya Ruaha. Dereva alisimama ununue maji. Ukauona Mto Ruaha Mdogo, ukayaona mawe makubwa, ukapigwa na ule upepo wa Iringa unaomfanya mtu wa Dar es Salaam aulizie sweta mwezi wa Juni, na moyoni ukasema: hapa ndipo nitakapozeekea. Ugonjwa huo huwapata wageni wengi. Dawa yake inaitwa kibali cha ukaazi daraja A, kile cha mwekezaji na mtu anayejiajiri, na hupatikana kwa kufungua biashara. Maelekezo ni haya hapa. Yafuate moja baada ya jingine. Hutafanikiwa, lakini utashindwa ukiwa na nyaraka zote.

Kwanza, salimia. Hii ni hatua ya kisheria, ila haijaandikwa popote. Uheheni hakuna shida ya mtu inayosikilizwa kabla salamu haijakwisha, na salamu haiishi kwa neno moja. Sema "kamwene". Ngoja. Uliza habari za nyumbani, uliza mvua, uliza mahindi. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake hata kama ndiye aliyekukanyaga. Ukimaliza, ofisi ya kijiji itakusogezea kitabu cha wageni, yaani kauntabuku lililopigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina, unakotoka, madhumuni, saini. Kando yake kuna kalamu iliyofungwa uzi. Haiandiki. Kwenye "madhumuni" utaona watu wote juu yako wameandika "kikazi", hata yule aliyekuja kudai mbuzi wake. Wewe usiandike "kikazi". Huna kibali cha kazi, na hapo utakuwa umekiri kosa kwa mwandiko wako mwenyewe. Andika "kusalimia".

Pili, chagua biashara. Wageni hukosea hapa kwa sababu huchagua biashara wanayoiweza. Kinachotakiwa ni biashara iliyobaki. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri yenye aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, baada ya malalamiko ya miaka kutoka kwa wafanyabiashara wa Kariakoo. Orodha hiyo ibandike ukutani, maana mawazo yako yote yamo.

Kwa mfano, umeona Makumbusho ya Mtwa Mkwawa pale kijijini, na wazo likakujia la kufungua duka la vinyago jirani na mlango. Limekatazwa. Basi ufungue makumbusho yako mwenyewe, madogo tu, ya zana za kilimo. Yamekatazwa, tena yametajwa pamoja na duka la vinyago kana kwamba walikuona unakuja. Kuwatembeza watalii? Hapana. Kwenda Isimani kununua mahindi shambani kwa mkulima? Hapana. Duka la rejareja, kibanda cha kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu, usafi wa maofisi, kusafirisha vifurushi, udalali wa nyumba, kituo cha redio: hapana, kwa pumzi moja. Kiwanda kidogo kimekatazwa pia, kikubwa hakimo kwenye orodha, kwa hiyo ukitaka kukamua alizeti, kamua kwa fujo. Saluni nayo ni marufuku isipokuwa iwe hotelini au iwe kwa ajili ya utalii. Soma kifungu hicho mara mbili uone busara yake: mgeni anayetaka kusuka nywele Kalenga anatakiwa aanze kwa kujenga hoteli.

Neno kwa ndugu zetu wa Nairobi. Najua hamjihesabu kuwa wageni. Najua Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na ina sura nzima juu ya haki ya kwenda kuanzisha shughuli katika nchi mwanachama. Nendeni nayo. Isomeni kwa sauti kwenye foleni. Foleni hupendeza ikiwa na kitu cha kusikiliza.

Halafu yuko yule rafiki mzawa atakayekuambia, "Mbona rahisi, tuandike kwa jina langu." Amri imemfikiria na yeye. Mgeni anayekamatwa katika biashara hizo hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela hadi miezi sita, na visa na kibali vinafutwa. Mtanzania aliyemfunika ana milioni 5, au miezi mitatu. Kwa hiyo rafiki akikupa jina lake, elewa kwamba upendo wake una bei na bei hiyo imetangazwa katika Gazeti la Serikali.

Baada ya kupita orodha yote, utabaki na loji. Kila mgeni wa Kalenga hubaki na loji. Iko njiani kwenda Ruaha, watalii watapita, watalala, watakunywa chai na kuangalia mto. Hesabu hizi zilifanywa na wenye akili kukuzidi: mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa kukuza utalii wa Kusini, ule wa REGROW, Ruaha ikiwa katikati yake. Mwaka 2024, baada ya malalamiko ya wanavijiji wa kando ya hifadhi, fedha zikasimamishwa na mwisho mradi ukafutwa. Wewe una dola ngapi? Usijibu kwa sauti. Mwenye kiwanja yuko karibu.

Tukizungumzia dola. Ukitaka cheti cha uwekezaji, na utakitaka kwa sababu kinalainisha mengi yajayo, Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilimtaka mgeni alete mradi usiopungua dola 500,000. Mzawa alitakiwa dola 50,000. Tofauti ya dola 450,000 ni gharama ya kuzaliwa kwingine, na hairudishwi. Ofisi inayotoa cheti ilikuwa TIC. Mwaka 2025 iliunganishwa na EPZA, mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje, ikawa TISEZA. Usipeleke barua iliyoandikwa kwa jina la zamani. Watakupokea kwa ukarimu, watakupa kiti, kisha watakurudisha ukaiandike upya.

Tatu, sajili kampuni. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, husajili kwa mtandao, na hapa mwongozo hauna la kuongeza isipokuwa kwamba mkurugenzi wako wa Kitanzania lazima awe na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, na mtandao lazima uwepo siku mtakayokuwepo nyote wawili. Mtafute wakili. Wakili atakutuma steshenari.

Steshenari usiipite haraka. Katika mji wowote wenye ofisi za mkoa, mtu anayezifahamu taratibu kuliko wote ni dada wa steshenari ya ng'ambo ya barabara. Hajasomea sheria, amezitoa kopi. Mbele ya mashine yake zimepita fomu za kila mgeni aliyefaulu na kila aliyefukuzwa, na kwa kuangalia ukurasa wa kwanza tu anajua wewe ni wa kundi gani. Atachukua pasipoti yako, ataifungua, atatikisa kichwa. "Kaka, hii picha wataikataa. Masikio hayaonekani." Utamwambia picha hiyohiyo ilikubaliwa na ubalozi. Atakuangalia kwa huruma, atavuta pazia lililo nyuma ya mlango na kusema, "Kaa hapa. Usicheke." Kaa. Usicheke. Toa kopi sita za kila kitu, kisha toa kopi ya zile kopi, maana ile ya saba ndiyo itakayoulizwa, na itaulizwa saa tisa na nusu wakati steshenari umeme umekatika.

Nne, pangisha jengo. Sasa Kiswahili chenyewe kitakutega. Fedha unayompa mwenye nyumba inaitwa kodi. Fedha unayoipa serikali inaitwa kodi. Lugha yenye maneno mengi kama hii haikushindwa kupata neno la pili, iliona mbali. Sheria inakutaka wewe mpangaji, ukiwa kampuni, ukate asilimia 10 ya kodi ya pango uipeleke TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujamkabidhi mwenye nyumba kilichobaki. Mweleze mama mwenye nyumba jambo hili kwa upole. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Mwanangu, hiyo asilimia kumi ni ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Basi ipe serikali. Yangu usiiguse."

Na hivyo ndivyo utakavyolipa asilimia 110. Kila mpangaji nchini anaijua hesabu hiyo, na hakuna aliyewahi kuiona kwenye karatasi. Utalipa miezi sita mbele, au mwaka. Utalipa ushuru wa stempu kwenye mkataba. Kisha utaombwa utoe makadirio ya mapato ya mwaka mzima, ili kodi yake igawanywe katika awamu nne, ilhali loji haina kitanda. Kadiria. Ukikadiria kidogo utaulizwa kwa nini mtu atoke kwao kwa faida ndogo hivyo; ukikadiria kingi utaaminiwa.

Kama moyo wako haupoi mpaka umiliki ardhi, pole. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kupitia mamlaka ya uwekezaji. Yule bwana aliyekuuzia ekari mbili kando ya mto, kwa mkataba ulioandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na shemeji zake wawili, hakukutapeli kabisa. Karatasi ni yako. Na tuseme Mungu amekujalia, kila muhuri umepatikana na ardhi umepewa kihalali. Chukua futi kamba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima. Kiwanja chako kimeishia mita ya hamsini na tano. Kile ulichokipenda, yaani mto, ndicho kinachokuzuia kujenga. Na ukitaka kuyachota maji yake kwa pampu, kibali chake kiko Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa mjini. Nako kuna kitabu cha wageni.

Tano, omba leseni ya biashara. Leseni inataka uonyeshe kibali cha ukaazi.

Sita, omba kibali cha ukaazi. Kibali kinataka uonyeshe leseni ya biashara.

Saba, rudi ya tano.

Usiulize kipi kilitangulia. Wapo waliouliza, na walijibiwa kwa heshima zote kwamba inategemea. Fahamu tu kwamba watu hupita hapo kila siku. Wanapitaje, hawasimulii, kama vile mtu haelezi alivyopata siti kwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna kingine ambacho dada wa steshenari angekuambia kama ungemuuliza mapema. Vibali ni viwili. Tangu sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, na kimoja hakishiki nafasi ya mwenzake. Cha kazi hakikuruhusu kukaa. Cha kukaa peke yake hakikuruhusu kufanya kazi. Unalipia vyote viwili. Ofisa wa Uhamiaji ana vyeo begani; mwite afande, hata kama amekufungulia mlango kwa tabasamu, hasa kama amekufungulia mlango kwa tabasamu.

Wakati unasubiri utakuwa na visa ya biashara, dola 250, siku 90. Inakuruhusu kuja kuangalia biashara yako. Neno lenyewe ni kuangalia. Nenda pale loji inapojengwa, simama kivulini, angalia. Fundi atakuwa juu ya ngazi, msaidizi wake amekwenda kunywa uji, na atakuambia kwa lugha ya kibinadamu kabisa, "Bosi, nishikie hapo mwisho wa futi." Usishike. Mikono mfukoni. Ukishika futi umefanya kazi, na jirani anayepita na baiskeli ameona. Fundi atakudharau kidogo, ujenzi utachelewa nusu saa, lakini utakuwa umekaa upande wa sheria, umesimama kama nguzo ya mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Juu ya muda. Utaambiwa siku kadhaa za kazi, ukishapata namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa. Usihesabu kwa kalenda. Kalenga ina kipimo chake cha muda wa nyaraka, na kimewekwa ndani ya kioo pale makumbusho, unaweza kwenda kukiona. Mwezi Oktoba 1894 Gavana wa Kijerumani, Friedrich von Schele, alitaka ukaazi wa Kalenga bila kupitia ofisi yoyote: alikuja na mizinga akaivunja Lipuli, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. (Njia hiyo kwa sasa imefungwa. Na hata yeye na wenzake hawakukaa. Mwaka 1896 walijenga boma lao juu kilimani, ulipo mji wa Iringa.) Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Liliwasili Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mkononi mwa Gavana Edward Twining, aliyekwenda kulitafuta mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen.

Fikiri vizuri. Mhusika alikuwa mwenyeji na mtawala. Karatasi zake zilisainiwa Versailles na wakubwa wa dunia. Muda ulitajwa kwa maandishi. Ikachukua miaka 35. Wewe karatasi yako imesainiwa na mwenyekiti wa kijiji, na uchaguzi ujao huenda ukaleta mwenyekiti mwingine.

Katikati ya kusubiri atatokea kishoka. Atakupata yeye, usihangaike kumtafuta. Ana bahasha ya kaki kwapani, anawaita maofisa wote kwa majina ya utani, na ana "mtu wake pale juu". Ada yake ni ndogo, halafu ni ndogo tena, halafu ni ndogo kwa mara ya mwisho. Siku utakayoenda mwenyewe kuulizia faili, utaelezwa kwa upole kwamba halijawahi kufika. Wengine watakushauri uoe. Ushauri mzuri, ila ndoa nayo ina cheti, na cheti hicho utakipeleka dirisha lilelile, na safari hii utakuwa na wakwe wanaokusubiri nyumbani kusikia afande amesemaje. Jioni ukichoka nenda kilabuni unywe ulanzi na watu. Hawataulizia daraja la kibali chako. Watakuuliza kwa nini hukuja msiba wa juzi, na hilo halina wakili.

Huwezi kujua; huenda kikatoka. Kwa kawaida hutolewa cha miaka miwili, kwa hiyo sherehekea jioni moja, kesho yake anza kukusanya ya kuhuishia: cheti cha kutodaiwa kodi, leseni iliyo hai, risiti za mashine ya EFD zinazoonyesha kwamba loji imewahi kulaza mtu mwingine tofauti na mlinzi. Ukipita lango la Ruaha utaonja faida yako: mgeni mkaazi hulipa kiingilio kama nusu ya anacholipa mtalii wa kigeni. Gawanya gharama zako zote kwa punguzo hilo, ujue utaingia hifadhini mara ngapi kabla fedha yako haijarudi. Usiwaonyeshe watoto hesabu hiyo.

Kisha nenda ofisi ya kijiji ukaripoti kwamba sasa wewe ni mkaazi. Salimia. Kamwene, habari za nyumbani, mvua, mahindi. Watafurahi kweli, hapo sikutanii. Watu wa Kalenga wanapenda mtu aliyevumilia. Watakusogezea kitabu cha wageni. Jaza tarehe, jaza jina, na kwenye "madhumuni" sasa una haki ya kuandika "kikazi". Nenda na kalamu yako.